Bunduki mpya ya upepo ya mita 10: namna ya kuipokea, kuipima na kuizoea

Bunduki mpya ya michezo huponzwa na saa yake ya kwanza. Mwenyewe huitoa kwenye kasha, akajaza hewa, akapiga risasi chache, na kabla jasho halijakauka ameshatoa hukumu: ama ni nzuri kupita zote, ama ameuziwa mbovu. Hukumu zote mbili hazina msingi. Kilichopimwa saa ile ni kitako kilichowekwa kiwandani kwa ajili ya mtu asiyejulikana, vilengeo ambavyo bado havijakaa sawa, na bega lililozoea silaha nyingine. Bunduki yenyewe haijapata nafasi ya kujieleza.

Mwongozo huu unahusu bunduki ya upepo ya kulenga shabaha kwa mita 10, yenye mtutu wa milimita 4.5, ile iliyoingia kwenye Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles. Ndiyo iliyotoa medali ya kwanza kabisa ya dhahabu ya michezo ya Tokyo, Yang Qian wa China alipoichukua Julai 2021. Ni silaha tulivu, haina mshindo wa kutisha wala teke la kuumiza bega, na kwa sababu hiyo watu huichukulia wepesi. Lakini kituo cha shabaha yake, yaani alama ya kumi, ni nukta ya nusu milimita. Anayeianza bila mpangilio atatumia miezi akirekebisha vitu visivyokuwa na kasoro.

Maelezo ya mikono nimeyaandika kwa anayelenga kwa mkono wa kulia. Mwenye shoto ageuze, na ahakikishe bunduki aliyonunua ni ya shoto kweli, maana watengenezaji wakubwa hutoa matoleo yote mawili.

Kasha likiwa bado limefungwa

Anza na karatasi. Baadhi ya nchi huihesabu bunduki ya upepo kuwa silaha inayohitaji kibali kama silaha nyingine, baadhi huiruhusu kwa mtu mzima bila kibali, na baadhi hutenganisha kwa nguvu ya risasi. Ijue sheria ya kwako kabla ya kulipa. Kasha likifika, linganisha namba iliyochongwa kwenye mwili wa bunduki na ile iliyo kwenye stakabadhi na kibali. Ikitofautiana hata tarakimu moja, usiendelee. Wasiliana na muuzaji siku hiyo hiyo. Piga picha ya namba hiyo na ya tarehe iliyochongwa kwenye mtungi wa hewa, uzihifadhi mahali usipozipoteza.

Ndani ya kasha mara nyingi kuna karatasi ya shabaha iliyotobolewa kiwandani. Bunduki ilifungwa kwenye kibano, ikapiga risasi kadhaa kwa mita 10. Karatasi hiyo ni mali. Tundu moja la peleti, yaani kirisasi kidogo cha bunduki hii, lina upana wa milimita 4.5, kwa hiyo kundi lenye upana wa milimita 6 kutoka ukingo hadi ukingo maana yake vituo vya risasi zile havikupishana zaidi ya milimita moja na nusu. Hivyo ndivyo bunduki inavyopiga bila mtu. Chochote kitakachozidi hapo kitakuwa kimeletwa na peleti nyingine, hewa, skrubu iliyolegea, au wewe mwenyewe.

Kuitoa na kuikagua

Mtutu uelekee upande salama tangu mkono unapogusa kitako. Kidole kikae nje ya triga. Fungua chemba, hakikisha kwa macho kuwa hakuna peleti, kisha pitisha bendera ya usalama, ule uzi wa plastiki wenye rangi kali unaopita mtutu mzima. Bendera hiyo ibaki humo kila wakati ambapo hupigi, hata ukiwa peke yako chumbani. Wapo wanaoiona mbwembwe za mashindano. Peleti ya gramu 0.53 ikitoka kwa mwendo wa mita 170 kwa sekunde hubeba nishati ya joule 7 na nusu hivi, na hiyo inatosha kabisa kulitoboa jicho. Kwa hiyo sina msamaha na jambo hili.

Baada ya hapo kagua vitu vya kawaida: mikwaruzo, nyufa za mbao kama kitako ni cha mbao, skrubu zilizolegea safarini. Tumia spana ndogo za pembe sita zilizokuja na bunduki, na usikaze kwa nguvu za ubavu. Kitako cha alumini kina nyuzi za skrubu laini zinazokatika kirahisi. Halafu panga vifaa mezani: mtungi, kiunganishi cha kujazia, kilengeo cha nyuma, kilengeo cha mbele na vipete vyake, kijitabu. Kisome kijitabu chote kabla ya kuendelea. Ninachoeleza hapa hakichukui nafasi ya kijitabu hicho. Mahali tunapopishana, mfuate mtengenezaji.

Hewa

Mtungi mara nyingi hufika mtupu, hasa ukisafirishwa kwa ndege, kwa hiyo usidhani umepewa mbovu. Soma kilichochongwa juu yake. Utakuta presha ya juu kabisa inayoruhusiwa, kwa kawaida bar 200 au 300, na tarehe. Mitungi ya watengenezaji wengi imepewa maisha ya miaka 10, na kwenye mashindano ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, mtungi uliopitwa na tarehe haukubaliwi. Ukinunua bunduki iliyokaa dukani, tarehe hiyo inaweza kuwa imekula miaka kadhaa ya pesa zako. Iangalie kabla hujaondoka na bunduki.

Jaza hewa kavu na safi, ya aina inayotumiwa na wapiga mbizi. Oksijeni ni mwiko. Oksijeni yenye presha kubwa ikikutana na mafuta kidogo tu huwaka na kulipuka, na mtungi utakuwa mkononi mwako, karibu na uso. Kwa sababu hiyo hiyo usipake nyuzi za mtungi mafuta ya mashine. Oringi, ile pete ya mpira inayozuia hewa kuvuja, ikikauka, tumia grisi ya silikoni iliyotajwa na mtengenezaji, kiasi cha kung'arisha tu.

Fungua valvu polepole. Hewa inayoingia kwa kasi huupasha mtungi joto, geji ikasoma bar 200, na ukishapoa unakuta imeshuka. Ukijaza taratibu, ukaacha upoe, ukamalizia, utapata ujazo wa kweli. Ukiufunga kwenye bunduki, kaza kwa mkono peke yake. Ukiufungua utasikia mlio mfupi wa hewa iliyobaki kwenye njia. Huo si uvujaji.

Sasa fanya jaribio ambalo wengi hulisahau: andika presha na joto la chumba, uiache bunduki usiku kucha, usome tena asubuhi. Joto likishuka kutoka nyuzi 20 hadi 10 za Selsiasi, presha ya bar 200 hushuka hadi bar 193 hivi bila hata chembe ya hewa kutoka. Huo ni mwendo wa kawaida wa gesi. Presha ikishuka bar 20 au 30 katika joto lile lile, hapo oringi au valvu ina shida, na ni bora kugundua sasa dhamana ikiwa bado mbichi.

Ndani ya bunduki kuna kirekebishi kinachopunguza presha ya mtungi hadi kiwango kimoja kwa kila risasi. Ndiyo maana risasi ya mwanzo na ile ya mia hutoka kwa mwendo karibu ule ule. Presha ya mtungi ikianguka chini ya kiwango anachotaja mtengenezaji, kirekebishi hakina tena cha kurekebisha, risasi zinapungua mwendo na kuanza kupiga chini. Weka alama ya kiwango hicho kwenye daftari. Watu wengi wamebadilisha vilengeo siku nzima kwa sababu ya mtungi uliokuwa unakaribia kuisha.

Kuivaa bunduki

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ningependa utumie muda kuliko mahali pengine pote. Bunduki ya kisasa ya mashindano ina viungo vinavyosogea karibu kila mahali: bamba la bega hupanda, hushuka na kupinda, kitako hurefuka, kipande cha shavu huinuka na kuhama pembeni, mshikio huzunguka. Utajiri huo wa skrubu ni mtego kwa mgeni. Kabla hujagusa hata moja, pima kila kitu kwa rula na uandike, ili uweze kurudi ulikotoka.

Anza na mwili, bunduki ikiwa bado kwenye stendi. Simama ubavu wa kushoto ukielekea shabaha, miguu ikiwa upana wa mabega, magoti yamenyooka bila kukazwa. Kiwiko cha kushoto kitafute mfupa wa nyonga au kikae juu ya mbavu, kulingana na urefu wa mkono wako. Kichwa kiwe wima, kama mtu anayetazama mbele barabarani. Hiki kichwa ndicho kipimo cha kila kitu. Bunduki ndiyo itakayokuja usoni. Uso hauendi kwenye bunduki.

Inua bunduki ukiwa umefumba macho. Weka bamba begani, shavu likae lenyewe, pumua mara mbili, ufumbue. Ukiona katikati ya kitundu cha kilengeo bila kusogeza shingo, umebahatika. Kwa kawaida hutaona. Jicho likiwa chini ya kitundu, inua kipande cha shavu. Kama umelazimika kuinamisha kichwa, shusha bamba la bega ili bunduki nzima ipande. Kama jicho liko kushoto au kulia, hamisha kipande cha shavu pembeni. Badilisha kitu kimoja, kisha rudia kufumba na kufumbua mara kadhaa kabla ya kugusa kingine. Ukigeuza skrubu tatu kwa mkupuo hutajua ipi ilisaidia.

Urefu wa kitako unaujua kwa mkono wa kulia. Ukifika kwenye triga kwa kunyoosha vidole, ni kirefu. Kiganja kikijikunja na bega kupanda, ni kifupi. Jicho nalo likae kama sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye kilengeo cha nyuma. Ukiwa karibu mno, kope zitagusa. Ukiwa mbali mno, utaona duara dogo lenye giza nene pembeni na jicho litachoka upesi.

Mwisho wa hatua hii ni kujua bunduki inataka kuelekea wapi. Lenga katikati ya shabaha, fumba macho, legeza mwili bila kushusha bunduki, pumua, fumbua. Kama imehamia kulia, usiivute kwa mkono kuirudisha. Sogeza mguu wa nyuma kidogo hadi mwili wenyewe uelekee shabaha. Ikielekea juu au chini, rekebisha mahali kiganja cha kushoto kinaposhika, au kimo cha bamba. Mlenga shabaha anayelazimisha kwa misuli atapata kumi nzuri kwa risasi tano, kisha misuli itadai haki yake.

Uzito uuache kama ulivyokuja. Kanuni zinaruhusu bunduki hii hadi kilo 5.5 pamoja na vilengeo, na vijiuzito vya kuongeza mbele vinavutia kwa sababu hutuliza mtutu. Lakini mgongo unahitaji wiki kadhaa kuzoea hata kilo zile za mwanzo. Kwa kijana ambaye bado anakua ningesema wazi: punguza kabla ya kufikiria kuongeza.

Triga

Triga ya bunduki hizi ni nyepesi, mara nyingi karibu gramu 100, na ina hatua mbili: kidole husafiri kidogo bila upinzani mkubwa, hukutana na ukuta, kisha ukuta huvunjika. Anayetoka kwenye bunduki ya kawaida hushtuka, risasi ikaondoka kabla hajaamua. Dawa yake ni kupiga kavu.

Karibu bunduki zote za aina hii zina swichi au kitenzo kinachoruhusu triga ifanye kazi bila kutoa hewa. Kitafute kwenye kijitabu, ukijue kwa vidole. Funga kidoti cheusi ukutani, mtutu ukielekea upande salama na chemba ikiwa tupu uliyoikagua mwenyewe, na upige kavu jioni kadhaa kabla ya peleti ya kwanza. Unachotafuta ni hatua ya kwanza kuishia pale pale kila mara, na kidole kusukuma moja kwa moja nyuma, kwa nyama ya mbele ya kidole, bila kukwaruza upande wa kitako. Sogeza kijembe cha triga mbele au nyuma hadi kidole kikunjike vizuri kwenye kiungo chake. Uzito wa triga usiuguse bado. Inayoonekana nyepesi mno leo kwa kawaida huwa sawa kabisa baada ya wiki mbili.

Jaribio moja la usalama: bunduki ikiwa tupu, imekokiwa katika hali ya kupiga kavu, mtutu upande salama, gonga kitako taratibu kwenye zulia. Triga isifyatuke. Ikifyatuka, mpelekee fundi anayeijua aina hiyo, usijaribu kuikaza kwa kubahatisha.

Vilengeo

Bunduki ya mita 10 haina darubini. Unatazama kupitia kitundu kidogo cha nyuma, unaona kipete cha mbele, na ndani ya kipete unaona duara jeusi la shabaha. Kazi ya jicho ni kuweka duara ndani ya duara, na jicho la binadamu linaifanya kazi hiyo vizuri ajabu, mradi usiibane.

Kosa la karibu kila mgeni ni kuchagua kipete kidogo mno, akidhani weupe mwembamba kuzunguka duara jeusi humpa uhakika. Hesabu yake ni rahisi. Duara jeusi la shabaha lina upana wa milimita 30.5. Kama kilengeo cha mbele kiko sentimita 85 kutoka jichoni, duara hilo, kwenye nafasi ya kilengeo hicho, huonekana kama milimita 2.6 tu. Kipete cha milimita 3.2 kinaacha weupe wa milimita 0.3 kila upande, na mtikisiko mdogo tu unafanya weusi uguse ukingo. Hapo mwili hushtuka, kidole husita. Kipete cha milimita 3.8 au 4 kinaacha weupe mara mbili yake au zaidi, picha inapumua, na unaona mwendo wa bunduki bila kuuogopa. Anza na kikubwa. Ukija kupunguza, punguza kwa milimita 0.1 au 0.2.

Kitundu cha nyuma, kama kinafunguka na kufunga, kiweke karibu milimita 1.1. Chumba kikiwa na mwanga hafifu, kifungue kidogo. Kikiwa kidogo mno picha inakuwa kali lakini ya giza, na kikiwa kikubwa mno kipete cha mbele kinapoteza ukingo wake. Mtu mwenye miwani apime akiwa ameivaa, kichwa kikiwa katika hali ile ile ya wima, kwa sababu lenzi ikitazamwa kwa pembeni hupotosha picha.

Vitufe vya kilengeo cha nyuma vina herufi na mishale, na si watengenezaji wote wanaozitumia kwa maana moja. Kwenye vilengeo vya Kijerumani utakuta H kwa juu na T kwa chini, ila baadhi huonyesha risasi ilikopiga na baadhi huonyesha unakotaka iende. Usibahatishe. Bunduki ikiwa imeegemezwa, piga risasi tano, geuza kitufe kliki kumi, piga tano nyingine, upime umbali kati ya makundi mawili. Gawanya kwa kumi na umepata thamani ya kliki moja kwa bunduki yako. Fanya hivyo kwa juu na kwa pembeni, andika, na bandika karatasi ndani ya kifuniko cha kasha. Kisha rudisha kliki zile kumi na upige tano tena. Kundi likirudi lilikokuwa, kilengeo ni kizima. Lisiporudi, kagua skrubu za reli inayoshikilia kilengeo kabla ya kumlaumu mtengenezaji.

Peleti, baada ya hayo yote

Nimeziweka huku kwa makusudi. Mgeni hukimbilia kununua makopo ya aina sita wakati kipande cha shavu bado kiko kimo cha mtu mwingine, na pesa hiyo hupotea bure.

Peleti za mashindano zina pua bapa inayokata karatasi tundu safi, uzito wa karibu gramu 0.53, na vichwa vya vipimo vinavyotofautiana kwa mia za milimita, kama 4.49, 4.50 na 4.51. Chukua aina mbili au tatu, si zaidi. Egemeza bunduki vizuri, piga makundi ya risasi kumi kwa kila aina, na usihukumu kwa kundi moja. Kundi moja la risasi tano linaweza kuwa dogo kwa bahati tu. Makundi matano ya risasi kumi kumi yakiwa na upana unaofanana, hapo una jibu. Kila unapobadilisha aina, piga kwanza risasi chache zisizohesabiwa ili mtutu uzoee. Ukipata inayofaa, andika namba ya toleo iliyo kwenye kopo, kwa kuwa aina ile ile kutoka toleo jingine inaweza kupiga tofauti. Kama tofauti kati ya aina mbili huioni bila kuvuta rula karibu na macho, chukua inayopatikana kwa urahisi na uendelee na mazoezi.

Peleti hutengenezwa kwa madini ya risasi, na madini hayo ni sumu. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, usishike peleti mdomoni, na mtoto asizichezee. Mtego wa peleti nyuma ya shabaha uwe wa kuzishika zisirudi wala kusambaa, na kila aliye chumbani avae miwani ya kinga.

Kikao cha kwanza cha kusimama

Geuza karatasi za shabaha upande mweupe. Ni ushauri ambao wengi hawaupendi, ila ndio unaookoa mwezi mzima. Ukipiga kwenye karatasi nyeupe isiyo na alama, utaona kundi lako linakaa wapi na lina umbo gani, na hutakuwa na alama za kufukuza. Kundi lililorefuka juu na chini mara nyingi linatokana na pumzi au na bega lisilokaa pamoja na bamba. Lililorefuka pembeni linatoka kwenye miguu na nyonga. Lililosambaa bila umbo, angalia kwanza skrubu, kisha uchovu.

Kila risasi itabirie kabla ya kutazama. Sema kimoyomoyo ilipokwenda, kisha angalia. Ukitabiri kulia na tundu liko kulia, bunduki inakutii hata kama alama ni mbaya, na hayo ni maoni mazuri ya kwanza kuliko kumi yoyote. Ukitabiri katikati mara nyingi na matundu yako kwingine, kuna kitu hakijakaa: kilengeo, shavu, au jicho. Acha kupiga mikono inapoanza kuchoka. Risasi 60 ni idadi ya shindano zima, ambalo hupewa dakika 75; mwili mgeni kwenye bunduki mpya hauhitaji hata nusu yake.

Vifaa vingine: kipi sasa, kipi baadaye

Stendi na glovu ya mkono wa kushoto nunua mwanzoni. Stendi inakuokoa kushika kilo tano kati ya risasi na risasi, na glovu inakupa mahali pamoja pa kuweka bunduki kila mara. Kipande cha plastiki nyeupe isiyopitisha picha mbele ya jicho la kushoto ni cha bei ndogo na kina faida kubwa: unaacha macho yote mawili wazi, uso haukazi. Kisiwe cheusi, maana giza upande mmoja hupanua mboni za macho yote mawili. Kwa mashindano kisizidi kimo cha milimita 30.

Koti na suruali ngumu vinasaidia kweli mgongo na nyonga, ila vinunue ukishajua umbo la msimamo wako, kwa sababu koti lililokatwa kwa msimamo mbaya hukufunga humo. Kanuni za ISSF zinazuia unene wa kitambaa kuzidi milimita 2.5 na ugumu wake hupimwa kwa kifaa maalumu, kwa hiyo koti la mitumba lifanyie vipimo kabla ya kulilipia. Mtungi wa pili na oringi za akiba ni vya lazima mara tu unapoanza kusafiri kwenda kwenye mashindano. Mfumo wa kielektroniki unaochora mwendo wa mtutu unafundisha mengi, lakini bila mwalimu wa kuusoma utakuonyesha mistari tu.

Kuitunza wiki za mwanzo

Jasho ndilo adui wa kila siku. Futa mtutu, mshikio na bamba kwa kitambaa kikavu baada ya kila kikao. Mtutu wa ndani hauhitaji kusafishwa mara kwa mara. Peleti za sufi za kusafishia, chache na kavu, zinatosha makundi yakianza kupanuka, na usidondoshe mafuta kwenye njia ya hewa. Bunduki ifungiwe kwa ufunguo, peleti zifungiwe mahali pengine, mtungi usiachwe ndani ya gari kwenye jua.

Ukishapiga risasi mia kadhaa, rudi mezani na spana zako, ukague tena kila skrubu ya kitako, ya reli na ya vilengeo, kwa sababu bunduki mpya hukaa na kulegea mwanzoni. Pima upya vipimo vyote ulivyoandika siku ya kwanza. Kilichosogea bila wewe kukisogeza, kaza na utie alama ya rangi ya kucha kwenye kichwa cha skrubu, upate kuona siku kitakaposogea tena. Ukiwa na kipima mwendo, pitisha risasi kumi juu yake na uandike mwendo wa kila moja: tofauti ya mita chache kwa sekunde kati ya ya juu na ya chini ni kawaida, na namba hizo ndizo utakazompelekea fundi kirekebishi kitakapoanza kuchoka.